Mafuta ya Ini na Barabara ya Luvungi

Niliamini, wanangu, kwa moyo wangu wote na kwa diploma yangu yote, kwamba mafuta yaliyojaa kwenye ini la mtu yanaweza kutikiswa yakatoka. Dawa yenyewe ilikuwa moto, ile pikipiki ya kubeba abiria, na barabara ya Luvungi. Unapanda nyuma, hushiki kitu, dereva anapiga mashimo yote bila kuruka hata moja. Ukienda na kurudi mara tatu, ini linasukwasukwa kama maziwa ndani ya kibuyu kule milimani: siagi inajitenga, inashuka, na kesho yake unaiacha chooni. Habari hiyo niliipata kwa Safari, motari wa Luvungi, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunidanganya, isipokuwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwabeba wagonjwa.

Msicheke bado. Wekeni akiba, mtaihitaji mbele.

Nimefanya kazi ya labo miaka thelathini na kitu, hapa hapa Uvira, kwenye kliniki moja upande wa Kalundu, karibu na bandari kiasi kwamba honi ya meli ilikuwa ikitikisa tubo zetu kwenye rafu. Damu niliyoitoa kwa mikono hii, ingemwagwa ziwani, mngekuwa mnavua ndagala wekundu mpaka leo. Nilianza kama mwosha tubo. Nilikuwa tayari baba wa watoto wanne nilipoingia masomo ya jioni, na wanafunzi wenzangu siku ya kwanza walisimama wote wakanisalimia, wakidhani mimi ndiye mkaguzi. Nilipopata diploma niliitembeza ndani ya bahasha wiki nzima, kanisani, sokoni, hadi kwa kinyozi. Na mtu aliyeipata elimu yake kwa kusinzia na kuamka ana kasoro moja: haamini kwamba bado kuna kitu asichokijua.

Sasa, kwa nini mwenye diploma aliamini maneno ya motari? Kwa sababu ya mashine ya kuzungushia damu, ile tunayoiita santrifije. Nyinyi wanafunzi wa labo mnaijua. Unaweka tubo, inazunguka kama kichaa, ukifungua unakuta chembe nyekundu zimekaa chini na serumu imebaki juu, ya rangi ya majani ya chai yaliyokamuliwa mara ya tatu. Lakini kuna watu ambao serumu yao hutoka nyeupe, nzito kama maziwa. Hayo ni mafuta. Nikajiambia: labo inatikisa, mafuta yanajitenga, barabara inatikisa, mafuta yatajitenga. Niliona nimegundua kitu ambacho maprofesa wa Kinshasa hawajakiota.

Shefu wangu wa labo alikuwa Mama Zawadi, mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa na plasta upande mmoja, ambaye aliweza kukuona ukikosea hata akiwa amekupa mgongo. Alikuwa ananiita Papa Bahati, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, na akikasirika aliniita Papa Diploma. Miaka ya mwisho nilikuwa Papa Diploma karibu kila siku.

Huyo mama alinifundisha kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari langu. Siku moja alikuja mpagazi wa bandari, mwanaume mwenye mgongo kama mlango wa kanisa. Dokta alitaka kujua hali ya ini lake. Nikapima ASAT, kimoja cha vipimo vya ini, ikapanda hadi nikafikiri reyaktifu, zile dawa za kupimia, zimeharibika. Nikarudia, palepale. Nikakimbia kwa Mama Zawadi nikasema huyu mtu ini limekwisha, tumwite na padri.

Hakuinua kichwa. "Jana alifanya kazi gani?"

"Sijui, Mama."

"Uko na mudomo ya kufanya nini? Enda umuulize."

Nikaenda. Kumbe jana yake meli ya saruji ilikuwa imefika, na yule bwana alibeba mifuko toka asubuhi mpaka jioni. Misuli nayo ina ASAT ndani yake, ikichoka hivyo inaimwaga kwenye damu. Mpagazi akapumzika siku kadhaa, akarudi, ASAT imeshuka. Padri akabaki na kazi zake.

Basi shikeni hili, mimi nalieleza hivi maana ndivyo nilivyolielewa. Seli ya ini ni kama jiko la mgahawa. Ndani kuna vyombo vya kazi: ALAT, ASAT, gamma-GT. Ukivikuta vimetapakaa barabarani, yaani kwenye damu, ujue jikoni kuna jambo. Lakini sufuria iliyoko barabarani haikuambii kama jikoni kumeungua, kumeibiwa, au wapishi wamepigana. Inaweza kuwa virusi, inaweza kuwa pombe, inaweza kuwa dawa ya kienyeji aliyokunywa mgonjwa kimyakimya, inaweza kuwa mafuta. Na kuna majiko yanayoungua polepole bila hata kijiko kimoja kutoka nje. Mtu ana ini lililojaa mafuta, na ALAT yake imetulia kama maji ya kisima. Kwa hiyo msimtangazie mtu hukumu dirishani. Labo inampa dokta ushahidi, haikati kesi.

Hilo la dirishani nalijua kwa sababu nilikata kesi, na tena kwa sauti.

Alikuwa Shemasi Kashindi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Bwegera. Mtu mzuri, mcheshi, Mprotestanti wa kweli, na tumbo lake lilikuwa likiingia labo kwanza, yeye akifuata baada ya muda. Alikuja mara ya kwanza karibu saa nne ya asubuhi, anasema anachoka choka tu na upande wa kuume unamlemea. Nikamtoa damu. Serumu ikatoka nyeupe kabisa. Ungeweza kuiweka kwenye chai. ALAT juu, gamma-GT juu, sukari imepanda kidogo. Virusi vya ini tukavitafuta, havikuwepo.

Mimi, Papa Diploma, nikamwita dirishani, watu wamejaa kwenye benchi, nikamuuliza, "Shemasi, unakunywa nini?"

Benchi yote ikageuka. Mzee wa watu akawa na rangi ya tubo yake.

"Minye? Pombe? Papa Laborantin, minye sikunywaka pombe tangu nizaliwe! Hata ku Meza ya Bwana tunatumiaka sukre!"

Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema chini chini, lakini chini chini ya kusikika hadi bandarini, "Bamashemasi, njo banakunywaka sana."

Mnajua maneno yanavyosafiri kwenye uwanda wa Ruzizi. Yanafika kabla ya moto. Jumapili ile ile huko Bwegera watu walikuwa wanamnusa shemasi wao mlangoni mwa kanisa. Kosa lilikuwa langu. Ini linajaa mafuta kwa watu wasiojua hata harufu ya pombe, na aliyepaswa kusema hivyo kwanza nilikuwa mimi.

Dokta wetu alimpeleka kwenye ekografi, ile picha ya tumbo, ikaonyesha ini limejaa mafuta, linang'aa kwenye skrini. Akamketisha akamweleza vizuri. Shemasi alikuwa anakunywa sukre, zile chupa za soda, mbili tatu kila siku pale kwenye mashine yake kwa sababu ya vumbi la mpunga. Asubuhi chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na mandazi. Mchana wali, jioni bugali mkubwa, na mawese juu ya kila kitu. Na hatembei: kutoka nyumbani hadi kwenye mashine anapelekwa na moto, mwendo ambao kuku anauvuka bila kupumzika. Dokta akamwandikia: acha sukre, punguza sukari na mafuta, tembea kila siku, rudi baada ya miezi mitatu.

Shemasi akatoka na karatasi ile kama mtu aliyehukumiwa. Akapitia kwangu, akasogeza mdomo karibu na kioo.

"Papa Laborantin, miezi tatu batu batanicheka. Hakuna dawa ya mbio?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Ningekuwa mtu mkubwa leo kama ningenyamaza. Badala yake nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaona Mama Zawadi ametoka, nikamweleza habari ya barabara ya Luvungi.

Uso wake ukafunguka. "Kumbe! Njo maana bamotari bote biko bakondefu!"

Sikuwa hata nimefikiria ushahidi huo. Nikauchukua palepale nikauongeza kwenye wangu.

Juma lile lile, Shemasi alifanya matibabu. Alipanda nyuma ya Safari alfajiri, jogoo wa kwanza hajamaliza, kutoka Bwegera mpaka Luvungi na kurudi, mara tatu, halafu wakashuka moja kwa moja hadi Uvira. Saa nne hivi wakasimama mbele ya labo. Shemasi hakuweza kushuka. Tulimshusha mimi na Safari kama gunia la mchele, miguu imebaki kwenye umbo la pikipiki. Vumbi limemfunika, nyusi nyeupe, meno tu yanaonekana.

"Nimetikisika, Papa Laborantin," akasema. "Hata majina ya batoto yangu nimesahau."

Sikungoja dokta aandike kitu. Hilo ni kosa la kwanza, msilifanye. Nikamtoa damu, nikazungusha. Nikafungua santrifije, na wanangu, nusura nipige magoti. Serumu ilikuwa safi, ya manjano, unaweza kusoma gazeti kupitia tubo. Maziwa yote yametoweka!

Reyaktifu za ALAT zilikuwa zimekwisha siku ile, tunangoja nyingine kutoka Bukavu, kwa hiyo sikupima kitu. Niliangalia kwa macho tu. Hilo ni kosa la pili. La tatu ni kwamba nilitoka kwenye korido nikiinua tubo juu kama kombe la mpira, nikasema, "Imetoka! Yote imetoka!"

Safari akapiga honi. Wagonjwa wakapiga makofi, hata wale ambao hawakujua ni kitu gani kimetoka. Shemasi alilia machozi yaliyochora mifereji miwili kwenye vumbi la uso. Akaichukua ile karatasi ya dokta mfukoni, akaichana vipande vinne mbele yangu, na mimi nikamwazima pipa la taka.

Nasema kwa kucheka kwa sababu nimezeeka. Siku zile zilizofuata nilitembea Kalundu yote nikiwa mrefu kuliko nguzo za umeme. Watu walianza kuniuliza barabara ipi inafaa kwa figo.

Ngoja niwape kidogo mambo ya kazi kabla sijafika pabaya, maana najua wengine mnasoma habari hizi kwa ajili ya mtihani. Garo, ule mpira wa kufunga mkono, usiuache muda mrefu. Ukikaza mkono wa mtu dakika nyingi damu inabadilika kabla hujaichoma. Usisukume damu kwa nguvu kupitia sindano nyembamba. Chembe nyekundu zinapasuka, serumu inakuwa ya waridi, na ASAT inapanda kwa kosa lako, si la mgonjwa. Acha tubo igande kwa amani kabla ya kuizungusha. Zamani tulikuwa tunasoma mwanga kwenye mashine ndogo, kipimo kimoja kimoja, tunahesabu sekunde kwa mdomo, na umeme ukikatika katikati unaanza tena na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Leo mna mashine inayopokea tubo ishirini na kutoa karatasi yenyewe. Nzuri sana. Lakini haijui mpagazi alibeba nini jana. Mashine haina mdomo, nyinyi mnao.

Na serumu ikiwa nyeupe kama ya Shemasi, iandikeni hivyo kwenye karatasi, kwamba ilikuwa ya maziwa. Mafuta hayo yanazuia mwanga na kuvuruga vipimo vingine. Msione aibu kuomba damu nyingine.

Haya. Miezi mitatu ilipita, ikaongezeka mingine miwili. Shemasi hakurudi. Nilisikia kwamba kila mwisho wa mwezi anafanya safari yake ya Luvungi, na Safari amenunua tairi mpya. Halafu siku moja asubuhi nikaona mke wake, Mama Esta, ameingia labo akimshika mumewe kiwiko. Mama Esta ni mkulima wa mpunga, mikono yake imezoea jembe na matope, si mtu wa maneno mengi. Shemasi alikuwa amechoka vibaya. Anakunywa maji usiku kucha, akasema, na bado kiu.

Mara hii dokta aliagiza vyote, na reyaktifu zilikuwepo. Nilipima mwenyewe. Serumu, maziwa tena. Sukari ilikuwa imevuka mpaka. Ule sasa ulikuwa ugonjwa wa kisukari, si onyo tena. ALAT mara mbili ya ile ya kwanza. ASAT juu. Na zile chembe ndogo zinazogandisha damu zilikuwa zimeanza kupungua. Dokta akachukua umri wa Shemasi, ASAT, ALAT na hesabu ya zile chembe, akakokotoa kwenye kipande cha karatasi. Akasema polepole kwamba ana wasiwasi ini linaanza kuweka makovu. Mafuta unaweza kuyapunguza, akasema, lakini makovu yakizidi yanafunga kila kitu, na hapo hakuna mtu Uvira wa kulifungua.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei mkononi. Nikaitafuta kwa macho tubo ya Shemasi, nyeupe kama siku ya kwanza.

Nitawaambia mwisho wake sasa hivi, ili msikae na roho juu. Shemasi Kashindi yu hai. Dokta alimwanzishia dawa za kisukari na akamwandikia karatasi nyingine, ambayo Mama Esta aliichukua yeye, akaikunja, akaiweka ndani ya kitenge chake pale ambapo hakuna shemasi angeweza kuichana. Sukre ilikatazwa kwenye mashine ya mpunga, hata kwa wateja. Walianza kutembea wawili, kutoka nyumbani mpaka mashambani na kurudi, kila asubuhi, na Bwegera yote ikajua saa kwa kuwaangalia. Alikonda polepole, kilo baada ya kilo. Kila alipokuja kwa kipimo, ALAT ilikuwa imeshuka kidogo, ikapanda mara moja baada ya arusi ya binti yake, ikashuka tena. Zile chembe zikatulia. Ekografi ya juzi juzi, dokta alitabasamu. Shemasi bado anahubiri, na kwenye mahubiri yake mimi ni mfano wa manabii wa uongo, ananitaja kwa jina, watu wanacheka, nami nakaa kiti cha mbele nacheka kuliko wote.

Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Dokta alikuwa ameuliza kwa nini karatasi ya kwanza haikufuatwa, na Shemasi, kwa uaminifu wake, akanionyesha kwa kidole. Nikaeleza. Nilieleza yote: kibuyu, siagi, santrifije, Luvungi mara tatu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo dokta alivyozidi kuinamisha kichwa mpaka nikabaki nikiongea na upara wake. Mama Zawadi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuniita Papa Diploma. Hakuniita kitu.

Nikang'ang'ana. Mtu anayezama hushika hata povu. "Lakini serumu ilikuwa safi!" nikasema. "Niliiona kwa macho yangu! Siku ya kwanza nyeupe, baada ya moto safi, leo nyeupe tena. Mama Zawadi, kama si barabara, ni nini iliyosafisha?"

Mama Zawadi akamgeukia mke wa Shemasi. "Mama Esta, siku ya kwanza alipokuja hapa, alitoka nyumbani namna gani?"

"Alikunywa chai kwanza, na maziwa. Akakula mandazi tano, na wali ya jana na mawese."

"Na leo?"

"Leo vile vile. Nilimukataza, akasema hawezi kutoka na njaa."

"Na ile siku ya moto?"

Mama Esta akanitazama, bila hasira hata kidogo, kama unavyomtazama mtu mkubwa aliyevaa shati ndani nje.

"Ile siku moto ilikuja mapema sana, moto ya jiko ilikuwa haiyawaka," akasema. "Hakuna kitu kilitikisika, Papa. Alikuwa hayakula hata andazi moja."